Ndege imehamishwa saa, mama mkubwa yuko Mwanza, mimi natokwa jasho Buguruni!

Majuzi hapa nilibakiza kidogo tu nihame mji. Sitanii.

Mliozoea kona hii mnajua huwa tunapiga stori za mapenzi, mavazi na vituko vya kwenye daladala. Leo nawaombeni tuzungumze ndege. Najua kuna mtu ameshaguna huko: "Na huyu naye ndege ameipandia wapi?" Ni kweli, kupanda nimepanda mara moja tu maishani, tena nilikaa dirishani mikono imeng'ang'ania kiti kama napelekwa kung'olewa jino. Lakini kwa habari ya tiketi, wiki ile nilihangaika kuliko rubani.

Stori yenyewe iko hivi. Mama mkubwa, yaani dada yake mama yangu mzazi, anaishi Mwanza. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, ameolewa Muscat, Oman. Mwaka huu dada akawa mjamzito, mimba ya kwanza. Mama mkwe wake alishatangulia mbele ya haki, na mawifi kila mmoja ana kazi yake. Sasa nani wa kumkanda mzazi maji ya moto? Nani wa kumpikia uji wa ulezi? Ikaamuliwa mama mkubwa aende, na awahi kufika kabla ya siku zenyewe. Shemeji, Mungu ampe maisha marefu, akatuma hela ya nauli yote kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepo Dar na eti ndiye msomi wa ukoo. Usomi wenyewe kidato cha nne, lakini kijijini kwetu hiyo ni digrii.

Nikatinga kwa wakala wa tiketi Kariakoo. Kijana mchangamfu, ana kompyuta mbili na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Akaniambia naweza kupata tiketi moja inayoanzia Mwanza, inapita Dar, Dubai hadi Muscat. Au nikate mbili: moja ya Mwanza hadi Dar kwenye shirika la bei poa, nyingine ya Dar, Dubai hadi Muscat. Ya pili ilikuwa nafuu kwa shilingi 40,000. Wekundu wanne!

Wasomaji wangu, hapa lazima niseme ukweli maana dhambi ikifichwa inaoza. Nilichagua tiketi mbili, na ile chenji shemeji hakuisikia mpaka leo anaposoma hapa. Nilinunua raba. Shemeji, samahani. Hela nitarudisha, raba siwezi kwa sababu imeshakanyagwa.

Ratiba ilikuwa tamu. Alhamisi saa 2 asubuhi anaruka kutoka Mwanza, saa tatu na nusu yuko Dar, anakaa uwanjani anakula karanga zake, na saa 10 na dakika 45 jioni anaondoka kwenda Dubai. Hata mimi nilijisifu.

Siku 11 kabla ya safari, niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni, simu ikalia. Ujumbe wa lile shirika la Mwanza, Kiingereza kirefu: kutokana na sababu za kiutendaji safari yako imebadilishwa, saa mpya ni 17:00. Chini yake pameandikwa bonyeza hapa kukubali. Mimi ni mtoto wa mjini, ujumbe wa simu kwangu ni wa kubonyeza tu uondoke, kama zile za bando. Nikabonyeza nakubali. Nikautuma ule ujumbe kwa mama mkubwa kama taarifa, nikarudi kugombania hewa.

Usiku mama mkubwa akapiga.

"Mwanangu, huyu mjukuu amenisomea ujumbe wako. Anasema ndege saa kumi na saba. Sasa baba, saa kumi na saba ndiyo saa ngapi hiyo? Mimi najua mwisho saa kumi na mbili."

Nikacheka kwanza. Nikamwambia mama, hao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, wewe toa sita. Kumi na saba toa sita, kumi na moja. Saa 11 jioni.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema taratibu, sauti ile ya mtu anayekuuliza kitu huku jibu analo: "Na ile ndege ya Waarabu inaondoka saa ngapi?"

Kicheko kikakatika. Saa 10 na dakika 45. Yaani mama mkubwa atakuwa bado anapanda ngazi za ndege kule Mwanza, mwenzake wa Dubai ameshapaa Dar robo saa iliyopita. Mwenzenu nililowa jasho kama niko shimoni. Kwa mama mkubwa nikazuga, "Usijali mama, hilo dogo." Dogo!

Na ujue ugonjwa wenyewe haukuishia hapo. Tiketi ile ya kimataifa ilikuwa moja, kwenda na kurudi. Abiria asipotokea kwenye safari ya kwanza, mashirika mengi yanafuta na zilizobaki. Kwa hiyo akiikosa ya Dar kwenda Dubai, ya Dubai kwenda Muscat nayo inaondoka, na ya kurudi inaondoka. Hela ya shemeji yote inayeyuka kwa sababu ya kidole changu na raba.

Kesho yake asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni kwenye ofisi ya lile shirika. Jina nalihifadhi, maana sikuja hapa kuuza wala kubomoa. Nikamkuta dada mmoja kajipodoa vizuri, nikamwambia kwa ukali: "Nataka kubadilisha safari." Akabonyezabonyeza, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, mfumo unaonyesha abiria ameshakubali saa mpya. Ukitaka kubadilisha kuna faini na tofauti ya nauli." Nikamwambia kuna ndege ya Dubai. Akauliza ipo kwenye tiketi hii? Nikasema hapana, ipo kwenye nyingine. "Basi hiyo sisi haituhusu."

Hakuwa na kiburi, wapenzi wasomaji. Alikuwa anasema kweli. Ningekata ile tiketi moja, kuanzia Mwanza hadi Muscat, ingekuwa ni kazi yao kutafuta namna ya kumfikisha mama mkubwa Muscat, kwa sababu karatasi ingewaonyesha safari nzima. Lakini mimi nilizitenga. Tiketi mbili ni kama majirani wawili wasiosalimiana, mmoja akiunguliwa nyumba mwenzake anaendelea kukaanga samaki. Wekundu wanne wale ndio walikuwa bei ya kuwatambulisha.

Nikarudi mtaani kichwa chini. Hapa jirani yetu kuna mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa anakata tiketi za ndege mjini, enzi za tiketi za vitabu. Anashinda barazani anacheza bao. Nikamweleza. Badala ya kunipa pole akanicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Kwanza," akasema, "ulibonyeza kabla ya kuangalia. Pili, umekwenda kusema maneno mabaya. Eti nataka kubadilisha safari! Ukisema hivyo wewe ndiye mbadilishaji, na mbadilishaji analipa. Rudi ukaseme hivi: ninyi mmenibadilishia ratiba, saa mpya hainifai, naomba mnipange kwenye safari nyingine. Kama hamna, nirudishieni nauli yangu."

Jamani, ni maneno tu, lakini mlango ni tofauti kabisa. Mzee alinifafanulia kwamba kwenye masharti ya mashirika mengi, abiria akihama mwenyewe, analipa. Shirika likimhamisha kwa saa nyingi, halimtozi faini: anachagua safari nyingine ya shirika lile lile bure, au anarudishiwa nauli, hata kama tiketi yake iliandikwa hairudishwi. Ila ukishabonyeza nakubali umewasaidia kazi. Siyo kwamba mlango umekomelewa, lakini sasa utaingilia dirishani.

Nikamuuliza, kwani hawa watu wanahamisha ndege kwa nini, si walishaniuzia saa? Akaweka kete chini. Akasema ratiba za ndege duniani zina misimu miwili, mmoja unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, mwingine Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tiketi zinauzwa miezi mingi kabla, kwa hiyo mara nyingi unauziwa saa ambayo wenyewe bado hawajaikomelea msumari. Halafu kuna kuunganisha: ya asubuhi ina abiria wachache, ya jioni ina wachache, wanaifuta moja. Na shirika lenye ndege chache, moja ikienda matengenezo ratiba yote inayumba. Mwaka 2023 mashirika kibao duniani yaliegesha ndege kwa matatizo ya injini za kampuni ya Pratt & Whitney, tena ndege mpya kabisa. "Sasa wewe na Mwanza yako utapona?" Akarudi kwenye bao.

Nilikuwa nimeshainuka. Nikamsikia nyuma ananiita, "We kijana, sijamaliza!" Nikamjibu nitarudi mzee. Kumbukeni hapo.

Ofisini nikaingia mpole kama bwana harusi ukweni. Nikayasema yale maneno kama yalivyo, na nikaongeza kwamba niliyebonyeza ni mimi, abiria mwenyewe yuko Mwanza na hakuulizwa. Yule dada akaenda kumuita msimamizi. Msimamizi akatazama: saa 2 asubuhi kwenda saa 11 jioni, saa tisa nzima. Akasema Alhamisi hiyo asubuhi hakuna tena ndege, lakini Jumatano saa 2 usiku ipo, na kuna nafasi. Bure. Akanichapishia karatasi, jina la mama mkubwa, ile rejea ya herufi na namba sita, Jumatano saa 2 usiku. Nikaikunja kama cheti cha kuzaliwa. Siku hiyo nilikula chipsi mayai na mishikaki, nikampigia mama mkubwa: "Si nilikwambia dogo!"

Jumatano ikafika. Mama mkubwa yuko uwanja wa ndege wa Mwanza tangu saa 11 jioni, maana watu wazima wa kwetu safari ni ya kuwahi. Ana begi moja la nguo, na jingine la unga wa ulezi, karanga na vitenge vya kumbebea mjukuu. Mimi niko Buguruni natandika kitanda changu kwa ajili yake, usiku huo nilale kwenye mkeka.

Saa 12 na nusu simu. "Mwanangu, huyu binti hapa anasema jina langu analiona, lakini tiketi haioni."

Nikajua mtandao. Nikaomba apewe simu yule binti wa kupokea mizigo. Akanieleza kwa adabu: nafasi ya leo ipo, lakini tiketi ya mama bado imeshikana na safari ya kesho jioni. Mfumo unakataa kumtolea pasi ya kupandia. Inatakiwa tiketi itolewe upya, na ofisi ya Dar iliyombadilishia imeshafungwa. Dirisha la abiria linafungwa kabla ya saa moja na nusu. Nyuma yake nikasikia foleni inanung'unika, na mama mkubwa anawaomba watu radhi mmoja mmoja, kama vile kosa ni lake. Hiyo sauti ndiyo iliyoniuma kuliko vyote.

Nikatoka mbio na ndala mguu mmoja, mpaka kwa mzee wa bao. Mzee hakuuliza hata salamu. "Nilikwambia sijamaliza!"

Alichotaka kunieleza siku ile ni hiki. Nafasi na tiketi ni vitu viwili. Nafasi ni kiti ulichoandikiwa jina, hiyo ndiyo rejea ya sita. Tiketi ni malipo yako, nayo ina namba yake, tarakimu 13, na tatu za mwanzo ndizo za shirika. Zamani tiketi ilikuwa kitabu cha karatasi, na safari ikibadilika ofisini walikuwa wanabandika stika juu ya ukurasa wa safari ile, yenye saa mpya. Abiria akiiona stika anajua kazi imeisha. Tangu Juni 2008, chama cha mashirika ya ndege duniani kilipositisha tiketi za karatasi, stika haionekani tena. Kila kitu kiko ndani ya kompyuta. Kwa hiyo mtu anaweza kukuhamisha kiti, akakuchapishia karatasi nzuri, halafu akasahau kuhamisha na tiketi. Wewe unakwenda nyumbani kula mishikaki.

"Nani aliikata hiyo tiketi?" Wakala wa Kariakoo. "Mpigie. Mwambie: shirika limebadilisha ratiba, nafasi mpya ipo, toa tiketi upya bila gharama, nipe namba."

Kupiga, haipokelewi. Kupiga, haipokelewi. Saa moja kasoro dakika tano. Mara ya nne akapokea, nyuma kelele za mpira. Nikamrudishia maneno ya mzee kama kasuku. Mshikaji, nitamwombea dua, hakubisha. Akasema kompyuta ninayo hapa, nipe dakika kumi. Zile dakika kumi niliziona ndevu zikiota. Mzee alikuwa ameishika simu yangu nyingine sikioni, anazungumza na yule binti wa Mwanza lugha yao ya kazi, mara "mabadiliko ni ya shirika", mara "muite msimamizi wa zamu asifunge". Kama vile amerudi kazini. Hata mgongo ulikuwa umenyooka.

Saa 1 na dakika 12 ikaingia namba. Tarakimu 13. Nikaisoma mara mbili kwa sauti, binti akaiandika, kimya, halafu ile mashine ya pasi ikasikika inakwaruza kwenye simu. Mama mkubwa akachukua simu: "Wamenipa, baba. Ngoja nikimbie." Akakata.

Mzee akanirudishia simu, akaenda kutafuta kete zake gizani.

Kuna watu watauliza, na haki zetu je? Hapa Tanzania msimamizi wa usafiri wa anga ni TCAA, na kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga, TCAA-CCC, ambalo abiria anaweza kulipelekea malalamiko. Peleka na karatasi, usipeleke hasira peke yake. Wenzetu wa Ulaya wana kanuni ya mwaka 2004: wakikufutia safari na taarifa umeipata chini ya siku 14 kabla, unaweza hata kudai fidia. Marekani tangu 2024 wameandika kabisa kwamba safari ya ndani ikisogea saa 3 au ya nje saa 6, abiria asiyeikubali anarudishiwa hela. Asiyeikubali, umesikia? Hata huko anayebonyeza anajimaliza.

Binafsi, usiku ule nisingehitaji sheria. Ningehitaji kuuliza swali moja tu siku ile ofisini: "Na tiketi mmeitoa upya? Nionyesheni namba." Nusu dakika. Pia wewe mwenye safari ya kuunganisha, ukipata ujumbe wa saa mpya, usiutazame peke yake. Chukua kalamu, andika safari zote mfululizo kwa saa za Kiswahili, uone kama zinapishana au zinagongana. Mimi hesabu ile nilifanyiwa na mama wa miaka sitini na kitu ambaye hajui saa kumi na saba.

Mama mkubwa alilala kwangu Jumatano, Alhamisi jioni akaondoka, Ijumaa yuko Muscat. Unga wa ulezi ulifika bila kumwagika. Jumapili alfajiri dada akajifungua mtoto wa kiume. Kwenye picha mama mkubwa amemshika kama amemtoa kwenye moto, na nyuma yake shemeji anacheka, maskini, habari za raba bado.

Sasa juzi, nimekaa zangu kuandika kona hii, simu ikalia. Shirika la Dubai. Safari ya kurudi mwezi ujao imesogezwa, saa mpya ni 02:15. Bonyeza hapa kukubali. Sijagusa kitu. Simu nimeilaza kifudifudi mezani, navaa raba niende barazani kwa mzee, na leo nitasubiri mpaka amalize.

Wiki ijayo panapo majaliwa tunarudi kwenye mapenzi. Kuna barua ya dada mmoja wa Tandika, acheni tu!